Uzi: Pawa saplai isiyo na kelele kwa Dell ya mtumba, narekodi masomo usiku

Mwalimu_Umoja · Jumatatu, saa 4:20 usiku

Hamjambo wadau. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, naishi Umoja. Watoto wakishalala narekodi masomo ya sarufi na fasihi na kuwatumia wanafunzi wangu kwa simu, maana wengi wao nyumbani hawana vitabu vya kutosha. Chumba ni kidogo. Meza imeegemea ukuta na tarakilishi iko chini yake, hatua moja tu kutoka kwenye maikrofoni.

Kinachonisumbua ni pawa saplai, kile kisanduku kinacholisha mashine stima. Ilianza na mvumo nikauzoea. Siku hizi ikishapata joto inakoroma, na kwenye rekodi mkoromo huo unasikika chini ya kila neno. Nimejaribu programu za kusafisha sauti. Zinaondoa mvumo, ila zinanyofoa na "s" na "sh" zangu, na siwezi kumfundisha mtoto matamshi kwa "sh" iliyokatwa.

Mashine ni Dell OptiPlex 7020, lile kasha kubwa la kusimama, mtumba wa Uingereza. Prosesa ni i5-4590, RAM giga 16, SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) moja na diski ya zamani moja. Kadi ya michoro sina, lakini kaka yangu ameniahidi GTX 1650 yake ili nianze kuhariri video.

Mwezi uliopita nilienda mjini nikauziwa pawa saplai mpya, boksi limeandikwa wati 600 na kwamba haina kelele. Kufika nyumbani, plagi ya madabodi (bodi kuu ya mashine) haikuingia. Dukani walikataa kuirudisha. Jirani akaijaribu kwenye mashine yake, ikawa na kelele kuliko hii yangu. Sasa nimetenga shilingi 10,000 na sitaki kukosea tena. Nianzie wapi?

Fundi_Solda · Jumatatu, saa 4:51 usiku

Pole mwalimu. Kabla hujatoa hata shilingi, hakikisha mwenye kosa ni huyo unayemshuku. Tafuta kile kibomba cha karatasi kinachobaki tishu ikiisha. Upande mmoja uweke sikioni, wa pili uupitishe polepole karibu na pawa saplai, kisha feni ya prosesa, feni ya kasha, na mwisho diski. Usiingize kitu chochote ndani ya feni. Sikio litakuonyesha.

Pia tueleze ni sauti ya aina gani. Kuna mvumo wa hewa, huo ni feni inayozunguka kwa kasi. Kuna mkwaruzo au mkoromo, na mara nyingi hiyo ni beringi iliyokauka. Halafu kuna mlio mwembamba kama wa mbu, unaobadilika ukisogeza ukurasa kwenye skrini. Huo wa tatu hautoki kwenye feni kabisa, ni koili zinazotetemeka umeme unapopita, na hautibiki kwa blowa wala kwa mafuta.

Na ile ya wati 600, tusomee kibandiko chake. Mstari wa +12V, yaani umeme wa volti 12 unaotoka kwenda kwenye vifaa, umeandikwa ampia ngapi?

Kijana_Rongai · Jumatatu, saa 5:05 usiku

Mwalimu, nunua wati 850 umalizane nayo. Mashine ndogo ikiwa na pawa saplai kubwa, feni haipati kazi ya kufanya. Yangu sijawahi kuisikia.

Mwalimu_Umoja · Jumanne, saa 2:10 usiku

Asante fundi. Nimefanya kama ulivyosema, na ni pawa saplai, sina shaka tena. Feni ya prosesa inavuma kidogo, diski inagonga mara mojamoja, lakini ule mkoromo unatoka pale nyuma plagi ya stima inapoingia. Mlio wa mbu sijausikia.

Ile ya wati 600 imeandikwa +12V: 18A.

Fundi_Solda · Jumanne, saa 2:38 usiku

Basi zidisha mwenyewe, 12 mara 18. Ni wati 216. Prosesa na kadi ya michoro hula kutoka kwenye mstari huo wa 12V, kwa hiyo hizo 600 ni za boksi tu. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 huandikwa ampia 45 hivi kwenye 12V. Uzito pia unasema: ukiibeba ukaona nyepesi kama boksi la viatu lililo tupu, ndani hakuna koili za maana wala kipoza joto cha kutosha. Feni ndogo ya bei rahisi inabaki kukimbia usiku kucha ikifidia vyuma ambavyo havikuwekwa.

Kijana_Rongai, hoja yako ina ukweli lakini haujakamilika, naomba niieleze kwa sababu wengi hukosea hapo.

Feni ya pawa saplai inaamshwa na joto, na joto linatoka kwenye umeme unaopotea njiani. Tuseme mashine inahitaji wati 150. Ufanisi ukiwa asilimia 80, ukutani unavuta wati 188 hivi, na zile 38 za ziada zinageuka joto ndani ya kile kisanduku. Ufanisi ukiwa asilimia 90, ukutani unavuta 167, joto ni wati 17. Ni chini ya nusu! Feni ya kisanduku cha pili inaweza kutembea taratibu, pengine isizunguke kabisa. Ndiyo maana nembo ya 80 PLUS, cheti cha ufanisi chenye madaraja kama Bronze na Gold, ina maana hata kwa mtu anayetafuta utulivu na hana habari na bei ya tokeni. Kwenye kipimo cha volti 115, Bronze lazima ifike asilimia 85 mzigo ukiwa nusu, na Gold ifike 90. Nembo yenyewe haipimi kelele, ila inakuonyesha ni joto kiasi gani feni itapambana nalo.

Sasa njoo kwenye 850. Mashine ya mwalimu ikiwa imetulia huenda inakula wati 40, ambazo hazifiki hata asilimia 5 ya 850. Vipimo vya Gold vinaanzia mzigo wa asilimia 20, na chini ya hapo hujaahidiwa kitu. Prosesa yake imekadiriwa wati 84, ile GTX 1650 ni 75, ongeza diski, RAM na madabodi: hafiki 220 hata akiibana kweli. Gold nzuri ya 450 hadi 550 inamtosha. Pesa ya kupanda hadi 850 aiweke kwenye feni na kapasita (vihifadhi chaji) bora.

Na tusisahau tuko Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo feni ileile inaondoa joto pungufu kila inapozunguka. Baridi yetu inasaidia kufidia, lakini kwenye chumba kidogo kilichofungwa madirisha ili urekodi, baridi hiyo huipati.

Kijana_Rongai · Jumanne, saa 3:02 usiku

Nimekuelewa fundi. Yangu ina kadi kubwa ya michoro, ndiyo maana niliona sawa. Najifunza.

Baba_Tatu · Jumanne, saa 3:30 usiku

Mwalimu, plagi haikuingia kwa sababu pawa saplai za kawaida zina plagi kuu ya pini 24, na madabodi ya OptiPlex 7020 inataka pini 8 za Dell, pamoja na ile ndogo ya pini 4 ya prosesa. Mashine nyingi za ofisi zinazokuja kama mtumba ziko hivyo. HP za miaka hiyohiyo nyingi hutumia pini 6, na Lenovo ThinkCentre kadhaa hutumia 14.

Suluhisho ni adapta, kebo fupi ya kutoka pini 24 kwenda pini 8 za Dell. Hakikisha imeandikwa Dell. Usikubali mtu akwambie adapta zote ni moja, maana mpangilio wa nyaya unatofautiana kampuni kwa kampuni, na nyaya zikipishana unaunguza madabodi.

Kisha chukua rula. Pawa saplai ya ATX, kile kipimo cha kawaida cha kompyuta za mezani, ina upana wa milimita 150 na kimo cha 86. Urefu wa kuingia ndani ndio unaobadilika: 140, 150, 160, nyingine zaidi. Fungua kasha upime nafasi uliyonayo, na uache nafasi ya nyaya kukunjika. Angalia pia feni itaelekea wapi. Ikielekezwa kwenye bati lisilo na matundu itakosa hewa, na kelele itarudi palepale. Wenye makasha yale membamba ya Dell wasihangaike, ATX haiingii humo.

Mpole_Kasarani · Jumanne, saa 4:15 usiku

Lakini kwani lazima anunue pawa saplai nzima? Feni ni mia chache. Afungue, atoe iliyokauka, aweke mpya. Mimi yangu niliweka tone la mafuta ya cherehani ikanyamaza miezi mitatu.

Fundi_Solda · Jumatano, saa 12:40 asubuhi

Ndugu yangu, hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu nawapenda. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita kubwa zinazobeba umeme wa moja kwa moja wa zaidi ya volti 300. Ukichomoa waya ukutani, chaji hiyo inaweza kubaki. Mimi naifanya kazi hiyo, lakini napima kwa mita kwanza, naitoa chaji kwa kipinga, kisha napima tena. Mwalimu mwenye watoto nyumbani, na bisibisi ya jikoni, saa sita usiku? Hapana.

Mafuta uliyoweka yalikupa miezi mitatu kwa sababu beringi ilikuwa ya bushi (kikombe ambamo mhimili wa feni unasuguana) na ilishachakaa. Na hata ukiweka feni mpya, kapasita bado ni za zamani. Kwenye mashine ya mwaka 2014 zimeshakula joto miaka mingi.

Sauti_Safi · Jumatano, saa 7:25 mchana

Nimefanya kazi ya sauti studioni, niruhusuni niongeze la upande wangu.

Mwalimu, sogeza mashine kabla hata hujanunua chochote. Pale nje kwenye uwanja wazi, umbali ukiongezeka maradufu kelele hupungua desibeli 6. Chumbani hupati zote kwa sababu kuta zinarudisha sauti, lakini hatua moja ikigeuka tatu utaisikia tofauti kwenye rekodi. Nunua kebo ndefu ya USB ya maikrofoni, weka mashine upande wa mlango, geuza maikrofoni mgongo wake uielekee mashine, na tundika blanketi zito nyuma yako. Usiifunike mashine yenyewe.

Ukifika kununua, usiongozwe na neno la kwenye boksi. Maabara ya Cybenetics hupima kelele za pawa saplai na kuzipa daraja: A++ ni chini ya desibeli 15, A+ ni 15 hadi 20, A ni 20 hadi 25, A- ni 25 hadi 30. Kwa anayerekodi sauti ya binadamu karibu na maikrofoni, A inafaa na A+ ni raha.

Na kuna jambo ambalo watu wa kompyuta hawalitaji sana. Kelele ndogo isiyobadilika ni rahisi kuisafisha, sikio nalo huizoea. Kelele inayopanda na kushuka ndiyo inayoharibu rekodi, kwa sababu programu inajifunza mvumo mmoja, na katikati ya sentensi unakuja mwingine. Kwa hiyo feni inayozunguka polepole muda wote inaweza kukufaa kuliko ile inayosimama kabisa halafu inaruka ghafla kila baada ya dakika tano.

Mwalimu_Umoja · Jumatano, saa 3:45 usiku

Sauti_Safi, hilo la mwisho limenigusa, maana ndicho kinachonipata. Neno la kwanza la sentensi safi, la mwisho limezama. Nimesogeza mashine mlangoni leo, na tayari kuna nafuu.

Nimepima kasha. Iliyomo sasa ni 150 kwa 86 kwa 140, na nyuma yake kuna vidole viwili vya nafasi. Naomba majina sasa, nikienda mjini niwe najua ninachotafuta.

Fundi_Solda · Jumatano, saa 4:30 usiku

Kwa nafasi hiyo mimi ningetafuta Seasonic Focus GX-550 kwanza. Ni Gold, urefu wake ni milimita 140 kamili, beringi ya feni inaelea kwenye mafuta badala ya kusuguana na bushi, na nyuma ina kitufe cha kuchagua feni isimame mzigo ukiwa mdogo au izunguke muda wote. Kwa lile alilolisema Sauti_Safi, kitufe hicho kinakupa nafasi ya kujaribu njia zote mbili kwenye rekodi yako mwenyewe. Dhamana ya kiwandani ni miaka 10.

Be quiet! Pure Power 11 ya wati 400 nayo ni Gold, na feni yake hutembea taratibu muda wote. Urefu ni 150, kwa hiyo itabana kidogo. Corsair RM550x ni nzuri sana ila toleo la 2018 lina urefu wa 160, pima mara mbili. Pesa zikipungua kabisa, Corsair CX450 ni Bronze ya kuaminika yenye dhamana ya miaka 5. Itasikika kuliko hizo nyingine, lakini haitakoroma kama hiyo yako.

Mpya kwa 10,000 itakuwa vigumu kwa Gold. Mtumba mzuri utaupata.

Njeri_Michoro · Jumatano, saa 5:10 usiku

Akinunua mtumba, tafadhali sikilizeni yaliyonipata, kwa sababu nililia.

Nilinunua pawa saplai ya mtumba, zile ambazo nyaya zake zinachomoka zote. Haikuja na kebo za diski. Nyumbani nilikuwa na kebo za pawa saplai nyingine ya zamani, kampuni tofauti. Nikazijaribu, zikaingia vizuri kabisa, zikabofya. Nikawasha. Diski zangu mbili ziliungua papo hapo. Moja ilikuwa ya kazi za wateja, hizo nilizirudia kwa wiki tatu bila malipo. Nyingine ilikuwa na picha za nyanya yangu kabla hajafariki, na hizo sikuwa nazo mahali pengine.

Plagi ya upande wa diski ni ya kiwango kimoja duniani kote. Upande wa pawa saplai hakuna kiwango, kila kampuni inapanga nyaya inavyotaka, hata kampuni moja hubadilisha kati ya toleo na toleo. Kuingia kwa plagi hakumaanishi chochote. Kama muuzaji hana kebo zake asilia, acha. Hata akipunguza bei nusu, acha.

Mwalimu_Umoja · Jumatano, saa 5:22 usiku

Pole sana dada Njeri. Nimesoma mara mbili. Leo usiku nanakili masomo yangu yote kwenye diski ya nje kabla sijagusa kitu.

Baba_Tatu · Alhamisi, saa 1:15 asubuhi

Kuna suala la stima pia, tusilisahau. Kwenye kibandiko cha pawa saplai angalia mstari wa volti za kuingia. Nzuri nyingi huandikwa 100–240V, hizo zinavumilia stima ikishuka jioni mtaa mzima ukipika. Nyingine zimeandikwa 200–240V pekee, na hizo kwa mitaa yetu nisingezichukua. Zile za zamani zenye kijiswichi chekundu cha 115/230, kikiachwa kwenye 115 ukachomeka kwenye 240 yetu, zinalipuka hapohapo. Mkague kwanza.

Na kama una UPS, ile betri ya kushikilia mashine stima ikikatika, fahamu kwamba nyingi za bei ya chini hutoa umeme wa ngazingazi wakati wa betri badala ya wimbi laini. Pawa saplai za kisasa baadhi hazipendi hivyo, zinazimika. Ijaribu siku ya kwanza: funga kazi zako zote, chomoa UPS ukutani, uone kama mashine inabaki imewaka.

Mwalimu_Umoja · Jumanne iliyofuata, saa 4:05 usiku

Wadau, nimerudi na habari.

Jumamosi nilizunguka Luthuli na Moi Avenue asubuhi nzima. Adapta ya pini 8 niliipata duka la tatu. Maduka mawili ya kwanza walitaka kuniuzia ya pini 6 ya HP wakisema "itaingia tu". Nikakumbuka maneno ya Baba_Tatu, nikaondoka.

Pawa saplai sikuipata huko. Nimeipata kwa kijana mmoja South B aliyekuwa anabadilisha mashine, Focus GX-550 iliyotumika miaka miwili, na kebo zake zote ndani ya mfuko wake. 8,500. Alikubali kuiwasha mbele yangu, nikainamia na kibomba changu cha karatasi kwa dakika ishirini, akanitazama tu. Nilikagua harufu ya kuungua, hakuna. Nilitikisa, hakuna kinachocheza ndani.

Kuifunga kulichukua saa mbili kwa sababu nilikuwa naogopa. Kebo za diski zinazotoka kwenye madabodi niliziacha zilivyo. Skrubu nne ziliingia sawasawa. Nilipowasha mara ya kwanza nilidhani haijawaka. Niliweka mkono nyuma, hakuna upepo, nikatazama skrini, nembo ya Dell hii hapa.

Nimerekodi jana na leo kwa njia zote mbili za kile kitufe. Feni ikiruhusiwa kusimama, kwenye masomo ya sauti haijazunguka hata mara moja, kwa hiyo lile la kuruka ghafla halijanipata. Nikianza video na ile kadi, nitakibonyeza izunguke muda wote. UPS ya jirani nimeijaribu, mashine haikuzima. Programu ya kusafisha sauti nimeizima kabisa. Nimemtumia mwanafunzi mmoja somo la "s" na "sh", amenijibu, "Mwalimu, leo uko karibu."

Sasa kilichobaki kusikika ni diski ya zamani. Inagonga.

Sauti_Safi · Jumanne, saa 4:18 usiku

Hongera mwalimu, nimefurahi kweli. Hiyo diski itoe kwenye kasha, iwe ya kuhifadhia tu, uichomeke kwa USB ukimaliza kurekodi. SSD inatosha kwa kazi ya usiku.

Fundi_Solda · Jumanne, saa 4:40 usiku

Na inayogonga haina maisha marefu, hamisha vilivyomo wiki hii. Pawa saplai za zamani, ile ya mkoromo na ile ya "600", usimpe mtu azitumie. WEEE Centre wanapokea taka za elektroniki hapa Nairobi.

Shosh_Githurai · Jumatano, saa 2:50 asubuhi

Nimefuata uzi wote. Mjukuu wangu ana HP EliteDesk 800 G1, ile ya kusimama, nayo inakoroma hivyohivyo. Adapta ya mwalimu itafaa?

Baba_Tatu · Jumatano, saa 3:05 asubuhi

Hapana shosh, hiyo ni pini 6, inataka adapta yake ya HP. Mwambie mjukuu apige picha ya plagi iliyoko kwenye madabodi na nafasi ya ndani ikiwa na rula pembeni, aiweke hapa tuione kabla hujatuma pesa.